Indiketa za pikipiki ya zamani zimegoma? Fuata umeme kuanzia betri mpaka globu, flasha usiikimbilie

Pikipiki za zamani bado zipo nyingi huku Tabora, Honda CG na XL zile zilizotoka mikononi mwa mabwana shamba na watu wa afya, Yamaha DT, na hizi za Kichina za 125 na 150 ambazo zimeshapita kwa wamiliki watatu wanne, na ukisimama kijiwe chochote iwe Isevya, Kiloleni au Ipuli ukaziangalia vizuri utaona injini safi, breki zinashika, ila indiketa hamna. Moja imening'inia kwa waya, nyingine globu imeungua, nyingine zote nne zipo na zimefungwa vizuri kabisa ila ukisukuma swichi kimya. Na mwenye nayo anaendesha tu, akitaka kukata kona anageuza shingo kidogo afu anaingia.

Hili jambo linaniumiza kwa sababu sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mtu anayekata kulia anavuka mbele ya wanaokuja na wakati huohuo nyuma yake kuna gari linataka kumpita upande huohuo wa kulia. Barabara ya kwenda Nzega au ya Urambo jioni, lori limeshapata mwendo, dereva anaona pikipiki iko kushoto haina dalili yoyote ya kukata, anaanza kupita, na bodaboda ndo kwanza anakumbuka abiria wake anashukia ule upande wa pili. Taa ya globu ya wati 10 ingemwambia yule dereva mapema. Kwa hiyo nimeandika hatua zote hapa, vifaa ni vya kawaida na kazi yenyewe hata asiye fundi anaiweza akiwa na subira.

Jambo la kwanza nalotaka ulishike: usiende dukani kununua flasha, kale kadude kanakofanya indiketa ziwake na kuzima. Karibu kila mtu indiketa zikigoma anaanza na flasha kwa sababu ni ya bei nafuu na inachomekwa tu, akiweka mpya haziwaki, ananunua nyingine, mwisho anaambiwa abadilishe waringi nzima. Pikipiki nyingi za umri huu shida ni betri iliyochoka, athi mbovu (njia ya umeme kurudi betri) au waya uliokatika ndani ya ganda lake. Flasha nayo inakufa, ndiyo, ila kuna namna ya kuihukumu kwa kipande cha waya bila kutoa hela, nitafika hapo.

Umeme unapita wapi

Umeme unatoka chanya ya betri, unapita fyuzi, unaenda swichi ya funguo, ukiwasha funguo unafika kwenye flasha, unaingia mguu mmoja (mara nyingi umeandikwa B) na kutokea mguu mwingine (L), unapanda mpaka swichi ya indiketa pale mkono wa kushoto, swichi inaamua uende kushoto au kulia, unafika kwenye globu mbili za upande huo, ya mbele na ya nyuma, afu unarudi hasi ya betri kupitia bodi ya pikipiki au waya wa athi. Basi. Ukiona flasha ina mguu wa tatu umeandikwa E, huo ni wa athi yake yenyewe.

Sasa kuna kitu hapa kinawachanganya watu wengi sana. Kwenye CG za zamani na Kichina nyingi zilizoiga CG, taa kubwa ya mbele haitumii betri kabisa, inalishwa moja kwa moja na koili za ndani ya magneti, ndo maana inawaka injini ikiwa inaunguruma tu na mwanga unapanda ukivuta mafuta. CDI, kale kaboksi kanakopeleka moto kwenye plagi, nayo ina koili yake hukohuko. Kwa hiyo pikipiki inapiga kiki inawaka, taa kubwa inawaka vizuri, kumbe betri ilishakufa tangu msimu uliopita na mwenyewe hajui, na ukimwuliza anakwambia umeme upo si unaona taa kubwa inawaka. Taa kubwa haitoi ushahidi wowote kuhusu indiketa. Vinavyotoa ushahidi ni honi na taa ya breki, hivyo vinakula betri ileile. Kwa hiyo kabla hujafungua hata skrubu moja: washa funguo, injini ikiwa imezimwa, bonyeza honi, kanyaga breki. Honi ikilia kwa nguvu na taa ya breki ikang'aa, betri na fyuzi huenda viko salama. Honi ikikoroma au ikanyamaza, shida yako iko mwanzoni kabisa mwa njia.

Vifaa

Bisibisi, plaizi, spana namba 8 na 10, msasa laini, mswaki wa zamani, tepu nyeusi, kipande cha waya kama nusu mita, na testa. Testa unajitengenezea: globu moja ya indiketa iliyo nzima, waya mmoja unaunga kwenye ubavu wake wa chuma na mwingine kwenye kitako, basi. Testa ya globu mi naipenda kuliko ile bisibisi yenye kataa kadogo ndani, kwa sababu globu inakula umeme wa kweli, na waya uliobakia na uzi mmoja utaonyesha volti 12 kwenye mita lakini ukiupa globu inashindwa kuwaka, hapo unajua waya umechoka. Ukiwa na mita ya umeme ni vizuri zaidi, utaitumia kwenye betri na athi.

Soma dalili kabla ya kugusa kitu

Sukuma swichi kushoto, angalia mbele na nyuma, afu kulia, angalia tena. Ulichokiona kinakuambia uanzie wapi.

Kama pande zote mbili zimekufa kabisa, shida iko sehemu ambayo pande zote zinatumia pamoja: betri, fyuzi, funguo, flasha, au ule waya unaotoka flasha kwenda swichi. Kama upande mmoja unafanya kazi vizuri na mwingine haufanyi, basi flasha yako ni nzima, usiiguse, shida iko kuanzia swichi kwenda upande ule. Kama zinawaka lakini hazizimi, zimeganda tu, au zinawaka na kuzima haraka haraka kuliko kawaida, mara nyingi globu moja ya upande huo imekufa au athi yake ni mbovu. Flasha za aina tofauti zinalalamika tofauti, zile za bati linalopata joto zinaganda au zinakuwa nzito, nyingine zinakimbia, ila zote zinasema kitu kimoja kwamba mzigo haujatimia. Kama zote nne zinawaka pamoja ukisukuma upande mmoja, soma sehemu ya LED huko chini. Na kama ukikanyaga breki indiketa inabadilika mwendo, au taa ya nyuma inapepesa pamoja na indiketa, hiyo ni athi ya nyuma, nenda moja kwa moja huko.

Betri na fyuzi

Pima betri injini ikiwa imezimwa na imepumzika. Volti 12.6 imejaa, 12.4 bado inafaa, 12.0 imekaribia kuisha, chini ya hapo usitegemee indiketa. Washa injini, vuta mafuta kiasi, ipande mpaka kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda kabisa basi haichaji, na hapo tatizo ni rektifaya (inayogeuza na kudhibiti umeme wa magneti ili uchaji betri) au koili ya kuchaji, hiyo ni kazi nyingine na indiketa zitangoja. Ikipita sana 15 rektifaya imekufa upande wa pili, itakuunguzia globu zote.

Kama betri ni ya maji angalia kila chumba kiko kati ya mistari miwili, kikipungua ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, tindikali usiongeze na maji ya kisima usithubutu, yana chumvi yanaua betri. Vichwa vyake vikiwa na ule unga mweupe wa kijani, fungua hasi kwanza afu chanya, safisha kwa maji ya moto yenye magadi na mswaki, kausha, funga chanya kwanza afu hasi, paka grisi au vaselini juu.

Kuna wanaotembea bila betri kabisa, wameunga waya tu na wanasema indiketa zinawaka. Zinawaka kwa kurukaruka kufuata injini, ukisimama kwenye taa injini ikiwa chini zinafifia, pale hasa unapozihitaji, na globu zinaungua mapema. Nunua betri.

Fyuzi: ya zamani ni ya kioo, toa, angalia ule uzi, na hata kama ni mzima angalia vile vishikio vyake viwili maana vinapata kutu na umeme haupiti, piga msasa. Ikiwa imeungua weka ya ampea zilezile zilizoandikwa, 10 au 15 kutegemea na pikipiki. Karatasi ya pakiti ya sigara au waya wa shaba badala ya fyuzi hapana, siku ikipiga shoti inayoungua ni waringi iliyo chini ya tenki la petroli, na wewe umekaa juu yake.

Globu

Fungua lenzi, skrubu moja au mbili, usilazimishe maana plastiki ya zamani inapasuka. Globu inatoka kwa kusukuma ndani kidogo na kuzungusha kushoto. Angalia uzi, na kitako kama kimeliwa. Ndani ya holda kuna kile kibati chenye springi ambacho kinagusa kitako cha globu, mara nyingi kimelala au kina kutu, kiinue kidogo, piga msasa, na kuta za holda pia kwa sababu ndo athi inapita hapo.

Soma wati. Hili watu hawaliangalii kabisa. Pikipiki yako ilitengenezewa globu za wati 10 au 21, na flasha yake imeandikwa pembeni, kwa mfano 12V 10W×2+3.4W, ile 3.4 ni ya kataa ka kwenye dashibodi. Ukiweka mbele 10 na nyuma 21, au zote tofauti na flasha inavyotaka, mwendo unaharibika hata kama kila kitu ni kipya. Hesabu ni rahisi, globu mbili za wati 10 kwenye volti 12 zinakula ampea 1.7 hivi, mbili za 21 zinakula 3.5, mara mbili zaidi, na flasha ya bati la joto inategemea ampea hizo ili ipate moto, ikate, ipoe, iunge tena.

Jaribio la flasha kwa kipande cha waya

Flasha iko chini ya siti, chini ya tenki au nyuma ya taa kubwa, kaboksi kadogo au kakopo kameshikwa na mpira, na ukiwasha indiketa nzima unaisikia ikigonga tik tik. Chomoa soketi yake. Washa funguo. Tafuta kwa testa waya upi una umeme, mguu mmoja wa testa kwenye bodi na mwingine kwenye waya, ule unaowasha ndo unaoingia, B. Kama hakuna hata mmoja unaowasha, umeme haufiki hapa, rudi kwenye fyuzi na swichi ya funguo.

Ukiwa nao, chukua kipande chako cha waya uunge ile B na L moja kwa moja, yaani umeiondoa flasha njiani. Sukuma swichi kushoto. Globu za kushoto zinatakiwa ziwake na kubaki zimewaka bila kuzima, ukisukuma kulia za kulia ziwake. Zikiwaka hivyo pande zote, kwa mwanga kamili, basi njia nzima ni salama na flasha ndo imekufa, sasa nenda dukani na hiyo ya zamani mkononi, volti zilezile, wati zilezile, idadi ya miguu ileile. Zisipowaka flasha haina kosa. Ndo maana nasema usinunue kwanza, jaribio hili linachukua dakika tano.

Usiache huo waya umeunga B na L ukaendesha hivyohivyo. Taa inayowaka bila kuzima nyuma ya pikipiki, wenzako hawaielewi.

Swichi ya mkono wa kushoto

Kiangazi chetu kirefu, kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa kumi vumbi linaingia kila mahali, afu mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza lile vumbi linakuwa tope ndani ya swichi na kuikausha kama simenti. Dalili yake ni kwamba ukisukuma kushoto haiwaki, ukiibana kidogo kwa kidole inawaka, au upande mmoja unashika mwingine hapana.

Fungua skrubu mbili za chini. Fanya hiyo kazi juu ya kitambaa kilichotandazwa, kwa sababu ndani kuna springi ndogo na gololi ndogo kuliko punje ya mtama, ikirukia kwenye vumbi umeipoteza na swichi haitakaa tena kwenye nafasi zake. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa kitu. Safisha vile vibati vya shaba kwa mswaki na dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, ukikosa tumia petroli kidogo ila hasi ya betri iwe imefunguliwa na moto uwe mbali, acha ikauke kabisa. Msasa uguse tu, shaba yake ni nyembamba, ukiisugua sana unaimaliza. Paka vaselini kidogo, funga. Swichi ikiwa imeyeyuka plastiki au kibati kimekatika usihangaike nayo, za Kichina zinauzwa nzima na waya zake.

Athi

Hapa ndo penye maradhi mengi ya pikipiki ya zamani, na hapa ndo mafundi wengi wanapapita haraka. Umeme usiporudi betri ni sawa na haukuja. Kwenye Honda za zamani indiketa nyingi zinapata athi kupitia ule mti wake wa chuma unaoingia kwenye madigadi au fremu. Sasa fikiria: pikipiki imepakwa rangi mara mbili, madigadi ya nyuma imewahi kuchomelewa, keria imefungwa upya kwa boliti zenye kutu, indiketa ya asili imevunjika ikawekwa ya plastiki yenye mti wa mpira. Athi itapita wapi?

Pima hivi. Unga tena B na L kwa kile kipande cha waya ili taa ziwake bila kuzima, weka mita kwenye volti 20 za DC, mguu mweusi kwenye hasi ya betri yenyewe, mwekundu kwenye ubavu wa chuma wa globu iliyowaka. Isome karibu na sifuri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya kurudi ni mbovu. Ikisoma volti 12 na globu haiwaki kabisa, athi imekatika moja kwa moja. Huna mita? Chukua waya, gusisha ubavu wa globu na hasi ya betri, mwanga ukipanda ghafla umeshapata jibu.

Dawa yake ni waya. Vuta waya wa athi kutoka kwenye holda ya indiketa ya nyuma kushoto, uunge na ya kulia, na taa ya nyuma pia, afu upeleke mpaka boliti ya fremu iliyopigwa msasa ikang'aa au mpaka hasi ya betri. Mbele hivyohivyo. Tumia waya mnene kidogo kuliko wa indiketa maana unabeba wa wote. Mi pikipiki yoyote ya zamani nashauri iwekewe waya huu hata kama leo indiketa zinawaka, boliti zenye kutu hazitabiriki.

Na ile ya breki kubadilisha mwendo wa indiketa inatoka hapohapo: athi ya pamoja ikiwa mbovu umeme wa breki unatafuta njia ya kurudi kupitia globu ya indiketa. Ukivuta waya huu inaisha.

Waya zilizokatika, na rangi zake

Waya unakatika pale unapokunjwa au kusuguliwa. Shingo ya usukani ndo ya kwanza: washa indiketa, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia taratibu, ikizima sehemu fulani umepata. Ndani ya bakuli la taa kubwa ni ya pili, waya zote zinakutana humo na soketi zake zinalegea. Chini ya siti ni ya tatu. Na ya nne ambayo kwa Tabora naiweka mbele sana ni nyuma chini ya keria, kwa sababu pikipiki hizi zinabeba madumu ya asali, magunia ya mkaa, mafurushi ya tumbaku huko Urambo na Kaliua, keria inacheza, kamba za mpira zinafungwa juu ya waya, indiketa inagongwa na mzigo kila siku. Waya unakatika ndani wakati ganda la nje liko zima, ukiuvuta kidogo unarefuka kama mpira, hapo hapo ukate uunge upya.

Kuunga: menya, sokota, choma kwa risasi ya kulehemu ukiweza, funga vizuri kwa tepu, afu ubane waya kwenye fremu usicheze. Kusokota tu na kufunga nailoni kunashika mpaka mvua ya kwanza.

Rangi ndo zinawaunguzia watu waringi, sikiliza vizuri. Honda, na Kichina nyingi zilizofuata Honda: nyekundu inatoka betri, nyeusi ni umeme baada ya funguo, kijivu inatoka flasha kwenda swichi, bluu mpauko ni kulia, rangi ya chungwa ni kushoto, na kijani ni athi. Yamaha za zamani: kahawia ni umeme baada ya funguo, kahawia yenye mstari mweupe inatoka flasha kwenda swichi, kijani iliyokolea ni kulia, kahawia iliyokolea ya chokoleti ni kushoto, na nyeusi ni athi. Suzuki: rangi ya chungwa ni umeme baada ya funguo, kijani mpauko ni kulia, nyeusi tupu ni kushoto, nyeusi yenye mstari mweupe ni athi. Umeona hatari? Nyeusi kwa Honda ina umeme, kwa Yamaha ni athi, kwa Suzuki ni indiketa ya kushoto. Kijani kwa Honda ni athi na kwa Yamaha ni indiketa. Fundi aliyezoea Kichina akishika DT kwa mazoea yale anaunga umeme kwenye athi. Na pikipiki ikishapita mikono mingi rangi zinakuwa zimechanganywa, kwa hiyo rangi zikuongoze tu, testa ndo ikuhakikishie kila waya kabla hujaunga.

Ukitaka kuweka LED

LED ni nzuri, zinakula kidogo na zinaonekana mchana wa jua kali. Lakini ukizichomeka kwenye flasha ya zamani zitawaka tu bila kuzima au zitakimbia, kwa sababu LED ya wati moja au mbili inakula sehemu ndogo sana ya zile ampea 1.7 na bati la ndani halipati joto. Weka flasha ya elektroniki ya LED. Nyingi zina miguu mitatu, hakikisha B imepata ule waya wenye umeme na E imepata athi, maana mpangilio wa miguu unatofautiana. Wengine wanafunga rizista (kipande kinachokula umeme kama globu) badala yake, inafanya kazi ila inakuwa ya moto kiasi cha kuyeyusha plastiki, mi siipendekezi.

Na kama zote nne zinawaka pamoja baada ya kuweka LED: pikipiki yako ina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, na ile taa imeungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia, inapata athi yake kupitia globu za upande wa pili. Zamani umeme huo mdogo haukuweza kuwasha globu ya wati 10, LED inawaka nao bila shida. Toa ile globu ya dashibodi ujaribu, tatizo likiisha umethibitisha. Ili uirudishe tumia daiodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) mbili za 1N4007: moja kutoka waya wa kushoto, moja kutoka wa kulia, zile ncha zenye mstari uziunganishe pamoja ziingie kwenye globu ya dashibodi, na waya wa pili wa globu uende athi.

Za volti 6

Honda na Yamaha nyingi ndogo za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ni za volti 6, soma kwenye betri na kwenye globu. Hizi zinahitaji usafi mara mbili. Globu mbili za wati 18 kwenye volti 6 zinakula ampea 6, na kutu ndogo tu ya sehemu moja ya kumi ya omu inakula volti 0.6, yaani asilimia 10 ya umeme wako wote, wakati kwenye 12 yenye globu za wati 10 kutu hiyohiyo inakula chini ya 0.2. Kwa hiyo athi, holda, swichi, soketi, vyote vipigwe msasa kabla ya kulaumu chochote. Flasha na globu ziwe za volti 6, ukiweka globu za 12 zitafifia na hazitapepesa.

Kabla hujafunga siti

Simamisha pikipiki karibu na ukuta jioni, washa injini, sukuma kushoto na kulia. Hesabu kwa sekunde kumi: ziwake kati ya mara 10 na 20, huo ndo mwendo wa kawaida, 60 mpaka 120 kwa dakika. Geuza usukani wote pande zote. Piga honi na ukanyage breki indiketa ikiwa inafanya kazi, isibadilike. Mwambie mtu akae nyuma, arukeruke kidogo kwenye keria. Afu funga mzigo wako kama unavyoufunga siku zote, rudi nyuma hatua ishirini uangalie kama indiketa za nyuma bado zinaonekana, zikiwa zimefunikwa na gunia ziongezee mabano ya chuma zitoke nje, au ufunge mzigo juu zaidi.

Kama unasubiri kipuri na lazima utoke, nyoosha mkono wa kulia wote nje mapema kabla ya kukata kulia, angalia nyuma, mkono urudi kwenye mafuta ndo ukate. Mchana inatosha, usiku mkono hauonekani, usiku acha.

Mvua ya kwanza kubwa ikipita fungua lenzi za nyuma, ukikuta maji ndani toboa katundu kadogo chini ya lenzi yatoke, na kausha holda kabla haijaanza kutu tena.